Huru Si Kuachwa Peke Yako: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Utafiti wa Shahada ya Kwanza

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu somo ambalo vyuo vikuu vyetu vingi hulitoa mwishoni mwa shahada ya kwanza, ambapo mwanafunzi hana mihadhara wala mtihani wa ukumbini, bali hujichagulia swali, hulifanyia kazi muhula mzima au miwili, na hukutana na mhadhiri mmoja aliyepangiwa kumsimamia. Wengine huliita utafiti huru, wengine tasnifu, wengine kazi mradi. Nimesimamia kazi za aina hii kwa miaka mingi, na sijaona somo jingine linalomkomaza mwanafunzi kama hili. Nimeona pia likiwaumiza wengi kwa sababu tu hawakuelezwa mapema linavyokwenda. Barua zilizochaguliwa ni sita.

Shikamoo Mwalimu. Ninasoma mwaka wa tatu, Historia na Kiswahili, katika chuo kimoja cha Dodoma. Siku ya kwanza msimamizi aliniambia, "Hili ni somo lako, nenda ukafanye kazi." Nikaelewa kwamba sitakiwi kumsumbua. Sasa tuko wiki ya nane, sijarudi kwake hata mara moja, nina rundo la fotokopi na sijaandika hata ukurasa mmoja. Naona aibu kumkabili. Nifanye nini?

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe hofu: hali uliyo nayo si ngeni kwa msimamizi yeyote. Kila mwaka wapo wanafunzi wanaozipoteza wiki za mwanzo, tena mara nyingi ni wale wenye adabu, wanaochelea kumsumbua mkubwa. Neno ulilolielewa vibaya ni hilo "huru". Somo hili ni huru kwa maana kwamba hakuna atakayekuchagulia swali, hakuna atakayekupangia leo usome nini, na hoja utakayoifikia utaitetea mwenyewe. Halina maana ya kuachwa. Msimamizi amepangiwa saa za kukuona, na saa hizo ni haki yako kama mhadhara ulivyo haki ya mwenzako aliyejiandikisha somo la kawaida. Alipokuambia uende ukafanye kazi, aliacha kutamka sehemu ya pili, yaani urudi umwonyeshe, kwa sababu kwake ni jambo linaloeleweka. Kutolitamka ni kosa lake, na wahadhiri wanaosoma safu hii nawaomba sana walitamke siku ya kwanza, mbele ya kila mwanafunzi.

Sasa tupige hesabu. Katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu hutakiwa kufikisha krediti zisizopungua 360. Ikiwa somo lako lina krediti 12, hizo ni saa 120, ambazo katika muhula wa wiki 15 ni saa 8 kila wiki. Kusoma na kukusanya fotokopi ni sehemu ya saa hizo, kwa hiyo huanzi sifuri. Tukisema umebakiwa na saa 84, basi wiki saba zilizosalia zinakudai saa 12 kila wiki. Ni kazi nzito, lakini inafanyika, na nimewaona walioifanya.

Usiende kwa msimamizi mikono mitupu, wala usiende na lile rundo. Leo usiku kaa uandike kurasa mbili tu: swali lako kwa sentensi moja, maandishi matatu uliyoyasoma na kila moja lilichokuambia kuhusu swali hilo, kisha mahali hasa ulipokwama. Ziandike hata kama zitatoka vibaya. Halafu mtumie ujumbe mfupi: "Shikamoo Daktari. Naomba radhi kwa kuchelewa kuripoti. Nimeandika kurasa mbili, naomba dakika 20 wiki hii unisahihishe." Usimweleze sababu kumi za kuchelewa. Mpe kurasa, ili awe na kitu cha kukusaidia nacho.

Nikuonyeshe kinachotokea pale mezani. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia aliniletea ukurasa alioandika kwa mkono kuhusu maisha katika mashamba ya mkonge, na katika mstari wa tatu alikuwa ameandika, "Wazee wengi wanakikumbuka kipindi hicho kwa uchungu." Nikamuuliza, wengi ni wangapi? Akahesabu kwa vidole, akaishia wanne. Nikamuuliza tena, wote wanne walikuwa na uchungu? Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mmoja alicheka, akasimulia ngoma zilizokuwa zikichezwa siku ya mshahara. Akakata neno "wengi", akaandika "watatu kati ya wanne", na yule wa nne aliyecheka ndiye aliyekuja kubeba sura bora kuliko zote katika kazi yake. Mazungumzo hayo yalichukua kama robo saa, na yasingefanyika kama asingekuwa na ukurasa wa kuweka mezani.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi kutoka Tanga. Mada yangu ni "Athari za Utandawazi katika Utamaduni wa Waswahili". Msimamizi ameirudisha mara mbili akisema ni pana mno. Nikiipunguza naogopa haitafika kurasa 40 zinazotakiwa. Naomba msaada.

Msimamizi wako amekutendea wema. Hofu ya kwamba mada finyu itakuishia mapema wanayo karibu wanafunzi wote, na uzoefu unaonyesha kinyume chake: anayeandika juu ya jambo pana humaliza maneno upesi, kwa kuwa anarudia yaliyokwisha kusemwa na wengine, ilhali anayeandika juu ya jambo dogo alilolichungulia mwenyewe hukuta kurasa hazimtoshi.

Tuipunguze pamoja. Utamaduni wa Waswahili ni bahari, kwa hiyo chagua kitu kimoja unachoweza kukishika. Uko Tanga, chukua kanga. Hata kanga ina mengi, kuanzia pindo, mji (sehemu ya katikati), rangi, doti, mitindo ya kujifunga hadi mahali pake katika harusi na katika msiba, kwa hiyo chukua jina peke yake, yaani yale maneno yanayoandikwa chini ya mji. Majina nayo yana historia ndefu, tangu yalipokuwa yakiandikwa kwa hati za Kiarabu hadi yalipohamia hati za Kirumi, na huwezi kuimaliza kwa muhula mmoja. Basi jiulize jambo moja tu: mwanamke anayenunua kanga dukani leo huichagua kwa jina au kwa rangi?

Ona sasa jinsi swali hilo linavyokupangia kazi. Kanga dukani huwa zimekunjwa, na mara nyingi jina halionekani mpaka muuzaji aikunjue. Ukimwomba mwenye duka mmoja akuruhusu kukaa pembeni asubuhi sita, unaweza kuandika katika daftari, kwa kila mnunuzi, kama aliomba ikunjuliwe, kama alilisoma jina kwa sauti, kama aliirudisha baada ya kulisoma, au kama alilipa bila kulitazama. Wapo watakaokwambia hawajali jina, na dakika mbili baadaye utawaona wakiikataa kanga nzuri kwa sababu maneno yake yatamkasirisha wifi. Hilo ni jambo ambalo hukulipata katika kitabu chochote, umelipata wewe. Utandawazi utaingia wenyewe utakapouliza kanga hizo zimechapwa nchi gani na nani huko aliyeyachagua maneno yake. Na ukihitaji kuona wengine walivyoyaandika mambo ya pwani kabla yako, omba barua ya chuo uende katika mkusanyo wa Afrika Mashariki ulio kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani.

Kichwa cha kazi yako sasa kitakuwa kirefu kidogo na hakitakuwa na neno "athari" ndani yake. Neno hilo nimelikuta katika mada nyingi mno zilizokwama, kwa sababu humlazimisha mwanafunzi kudai kwamba jambo moja limesababisha jingine kabla hajaliona hata moja.

Mwalimu, mimi ni mzazi, ninafanya biashara ya dagaa hapa Mwanza. Mwanangu ananiambia kwamba muhula huu ana somo lisilo na vipindi, anakutana na mwalimu mara moja moja tu. Ada ninalipa ileile. Je, hili ni jambo la halali, au ananificha kitu?

Mzazi mwenzangu, swali lako ni la haki kabisa, na mtu anayelipa ada kwa jasho lake anastahili kujibiwa kwa kina. Somo hilo lipo, ni halali, na kwa maoni yangu ni sehemu ya ada inayorudisha zaidi kuliko nyingine.

Namna hii ya kufundisha ina umri mrefu. Chuo Kikuu cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1810 kwa fikra za msomi Mjerumani Wilhelm von Humboldt, kilishika msimamo kwamba kufundisha na kutafiti havitenganishwi, na mwanahistoria Leopold von Ranke aliyefundisha hapo aliwakusanya wanafunzi wachache ili wazisome na kuzihoji nyaraka pamoja naye, badala ya kumsikiliza tu. Mwaka 1969 chuo cha MIT huko Marekani kilianzisha, chini ya Margaret MacVicar, mpango rasmi wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa maprofesa wao.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko hapa kwetu, na uliutangulia ule wa MIT kwa mwaka mmoja. Mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, wakiongozwa na watafiti wa idara yao, wakiwamo Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Fikiria muda uliokuwa umebaki. Kijana aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa na miaka 78 wanafunzi hao walipobisha hodi kwake. Nyaraka nyingi zilizokuwapo hadi wakati huo ziliandikwa na maofisa wa Kijerumani, waliokuwa upande wa pili wa bunduki. Wanafunzi waliandika yale waliyoyasema waliokunywa ile dawa ya maji, waliokimbia, na waliozika ndugu zao kwa njaa iliyofuata. Wanahistoria wanaitumia kazi ile mpaka leo, na wazee wale hawapo tena. Wakati ule walioifanya walikuwa wanafunzi, umri wa mwanao.

Kama unataka kujua kama kijana wako anafanya kazi, huna haja ya kumpigia simu mhadhiri. Mwulize swali lake la utafiti ni lipi. Akikujibu kwa sentensi moja unayoielewa wewe mwenyewe, tulia. Akizunguka sana, mwulize ni lini mara ya mwisho msimamizi alisahihisha ukurasa wake, na umwombe akuonyeshe ukurasa wenyewe.

Mwalimu, nasoma Dar es Salaam. Nataka kuandika juu ya wakunga wa jadi wa Kilwa, na mmoja wao ni bibi yangu mzaa mama. Je, ninahitaji kibali kumhoji bibi yangu mwenyewe?

Unahitaji, tena kwa bibi yako unahitaji uangalifu kuliko kwa mtu baki.

Nianze na karatasi. Chuo hukupa barua ya utambulisho, ambayo kwa kawaida hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, hadi kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Usiione kuwa ni usumbufu: mtendaji asiye na habari nawe anaweza kuisimamisha kazi yako siku ya kwanza, na mwenye habari nawe ndiye atakayekupeleka kwa mkunga wa tatu ambaye hukujua kwamba yupo. Kwa kuwa mada yako inagusa afya, mweleze msimamizi wiki hii hii, maana utafiti wa afya unaohusu binadamu Tanzania Bara hupitia mapitio ya kimaadili, ama katika kamati ya chuo ama katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na mapitio hayo huchukua muda ambao muhula haukungojei. Zanzibar ina taratibu zake yenyewe. Pengine msimamizi atakushauri uhoji maisha na mafunzo ya wakunga hao bila kugusa habari za wagonjwa, na ushauri huo ningeuunga mkono.

Sasa bibi. Mtu baki akichoka atakuambia uje kesho. Bibi hatamwambia hivyo mjukuu wake aliyetoka Dar es Salaam, atakujibu hata lile ambalo moyo wake haukutaka kulitoa, na hapo ndipo penye hatari. Mweleze kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu kwamba maneno haya yatasomwa na walimu na yatabaki maktaba. Mwombe ruhusa huku simu ikinasa, ili ruhusa yake isikike. Mwambie kwamba akisema "hili la kwako tu", utalifuta, na akilisema kweli, lifute mbele yake. Majina ya waliozalishwa usiyaandike hata katika daftari lako la siri, kwa maana Kilwa si kubwa kiasi cha mtu kutotambulika. Na usiku huohuo, kabla hujalala, andika yale ambayo simu haikuyanasa: alivyokuwa akikunja mikono, aliponyamaza, aliyeingia chumbani akafanya mazungumzo yabadilike.

Mwalimu, msimamizi wangu hajajibu barua pepe kwa wiki tatu. Niko Morogoro.

Nenda ofisini kwake ana kwa ana, asubuhi, ukiwa na sura ya tasnifu yako iliyochapwa. Wahadhiri wengi wana wanafunzi kuliko saa zao, na karatasi iliyowekwa mezani husomwa mapema kuliko barua iliyo chini ya barua nyingine mia. Usipomkuta, acha karatasi kwa katibu wa idara, uandike tarehe, na ubaki na nakala. Ikipita wiki nyingine bila jibu, mwone mratibu wa tafiti wa idara, au mkuu wa idara, umweleze kwa heshima tarehe ulizoandika na kurasa ulizowasilisha, bila kumlaumu mtu. Katika hatua hii tarehe zitakusaidia sana. Wakati unangoja, endelea kuandika sura inayofuata, kwa sababu chuo hakitakuongezea muda kwa kosa la msimamizi mpaka kione kwamba wewe hukukaa bure.

Mwalimu, mimi niko Mombasa. Wenzangu wanatumia akili unde kuandika tasnifu nzima na wanapata alama nzuri. Nikiandika mwenyewe kwa Kiswahili changu cha kawaida nitaonekana dhaifu kando yao. Ni lazima nijinyime?

Akili unde, au akili mnemba kama tunavyoiita huku Tanzania, inaweza kukusaidia katika kazi ndogo ambazo msimamizi wako amezikubali, kama vile kupanga marejeo au kukuonyesha sentensi ndefu uliyoipoteza katikati. Mwulize kanuni za chuo chako kabla ya kuigusa, na ukiitumia, tamka katika kazi yako kwamba umeitumia na kwa jambo gani. Kuiachia ikuandikie tasnifu ni udanganyifu, sawa na kumlipa mtu wa stesheneri akuandikie, jambo ambalo lilikuwapo miaka mingi kabla ya mashine hizi na lilifukuzisha watu vyuo.

Ila sitaki uache kwa kuogopa kufukuzwa tu. Kiswahili chako cha kawaida ndicho ninachokitafuta ninaposahihisha. Kazi zilizoandikwa na mashine nimekwisha kuzisoma, na nyingi zinafanana: sentensi zimenyooka, kila aya ina uzito uleule, na hakuna mahali ambapo mwandishi ameona kitu kikamshangaza. Hakuna mzee aliyecheka. Ninapokuwa na shaka humwita mwanafunzi na kumwuliza maswali ambayo hayamo katika maandishi. Kwa nini ulimhoji huyu kabla ya yule? Swali lipi walikataa kulijibu? Ulikuwa na maoni gani mwanzoni ambayo sasa huyaamini? Aliyefanya kazi hujibu papo hapo, mara nyingine kwa maelezo marefu kuliko nilivyotaka, na macho yake hung'aa. Aliyenunua au kuandikiwa hutazama mezani.

Kwa hiyo jilinde kwa kuacha nyayo. Kila rasimu iweke na tarehe yake, usiandike juu ya ile ya zamani. Kurasa zenye wino wa msimamizi zihifadhi katika bahasha moja. Daftari la mahojiano, hata lenye matone ya chai na namba za simu pembeni, lichukue siku ya kuitetea kazi yako, na usilitupe mpaka matokeo ya mwisho yametoka na cheti kiko mkononi.